Simiti Haikauki, Hushika

Hebu nikuulize swali rahisi la mjengo: simiti ikishamwagwa, huwa inakauka ama haikauki?

Usijibu haraka. Mimi nilijibu haraka, na jibu langu lilikula pesa za chama za mamangu mdogo, na nusura livunje mguu wa mtoto wake wa miaka sita. Nakuandikia kutoka Mishomoroni ili wewe usirudie ujinga wangu.

Nijieleze kwanza. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipokata. Sikutaka kukaa barazani nikihesabu matatu zinazopita, basi nikaingia mjengo kama mtu wa mkono. Kazi yenyewe unaijua: kubeba mawe, kuchota maji, kuchekecha mchanga, kukoroga, kutumwa chai. Huku Kisauni mjengo hauishi. Kila ukigeuka kuna mtu anaongeza chumba, anapandisha ghorofa au anaziba ufa. Baada ya miezi minne nilikuwa nishajiona fundi.

Mamangu mdogo alipopokea zamu yake ya chama, akaamua kubadilisha mfuniko wa shimo la choo nyuma ya nyumba. Wa zamani ulikuwa umepasuka. Nikamletea fundi wangu, mzee mmoja mpole asiyependa maneno mengi. Jumamosi hiyo tukapanga mbao, tukalaza nondo, tukakoroga zege: simiti, mchanga, kokoto, maji. Mzee akamwaga sehemu kubwa. Ilipofika saa sita simu yake ikalia, akaitwa mjengo mwingine. Kukawa kumebaki kona moja tu.

"Malizia hii sasa hivi. Usiiache," akanambia.

Nikaiacha. Nilikuwa na njaa. Nikaenda kula viazi karai, pale kibandani kulikuwa na mpira, na mpira una dakika tisini. Niliporudi ilikuwa saa tisa, na zege langu kwenye karai lilikuwa gumu kama ugali wa jana.

Hapo ndipo kemia ya kidato cha kwanza iliponijia. Mwalimu wetu alitufundisha kanuni moja na tukaiimba hadi mtihani: badiliko likirudi nyuma ni la kiumbo, lisiporudi ni la kikemikali. Barafu ikiyeyuka huwa maji, ukiyagandisha maji unapata barafu tena: la kiumbo. Karatasi ikiungua hairudi: la kikemikali. Kwisha.

Nikalitazama zege nikasema, hili limekauka tu. Kilichotoka ni maji. Nikirudisha maji, litarudi. Nikamimina nusu ndoo, nikakoroga kwa beleshi. Kweli likalainika! Rangi ile ile, harufu ile ile. Nikamalizia kona yangu, nikaipapasa kwa mwiko ikang'aa kuliko ya mzee. Nikapiga na picha.

Mzee alikuwa ameacha agizo mfuniko umwagiliwe maji asubuhi na jioni kwa wiki nzima. Siku ya pili nikaukanyaga, nikauona mgumu. Nikamwambia mamangu mdogo asihangaike, zege limeshakauka, na maji yenyewe tunanunua kwa mitungi ya mkokoteni. Akafurahi kuokoa pesa.

Wiki tano baadaye mtoto alikuwa anarukaruka kwenye ule mfuniko. Akatua kwenye kona yangu. Kona ikakatika, mguu ukaingia hadi pajani, akaning'inia akilia na chini yake ni shimo. Jirani alimvuta akatoka na mchubuko mrefu, hakuvunjika. Mimi sikuwepo. Nilipofika, mamangu mdogo hakunigombeza. Alinitazama tu, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Mzee akaja na nyundo yake. Akagonga upande wake: kwa! kwa! Akagonga kona yangu: pu. Akachukua msumari akakwaruza, na kona ikatoa unga kama chaki.

"Uliongeza maji." Hakuwa anauliza.

"Lilikuwa limekauka, mzee."

"Mwanangu, simiti haikauki. Nguo ndiyo ikaukayo. Simiti hushika."

Kukauka na kushika

Sentensi hiyo ya mzee ndiyo somo lote la kemia nililoshindwa kulielewa darasani. Wacha nikufungulie.

Nguo ikianikwa, maji yanaondoka. Pamba ni ile ile, na maji yaliyopaa hewani ni maji yale yale, sasa ni mvuke tu. Hakuna kitu kipya kilichozaliwa. Hilo ndilo badiliko la kiumbo: kitu kimebadili hali, ukubwa, sura au mahali, lakini chenyewe ni kile kile.

Simiti ni hadithi nyingine. Ukiichanganya na maji, maji hayakimbii. Yanaingia kazini. Yanaungana na chembe za simiti na kuzaa madini mapya ambayo hayakuwemo mfukoni wala ndooni. Madini hayo hukua kama miiba midogo midogo isiyoonekana kwa macho, yakasukana na kushikilia mchanga na kokoto. Ndiyo maana zege likishika hutoa joto. Joto hilo si la jua, linatoka kwenye kazi ya kuungana kwenyewe. Hilo ni badiliko la kikemikali: kimezaliwa kitu kingine.

Unataka ushahidi? Chukua kopo la plastiki, koroga simiti kidogo na maji iwe uji mzito, iache ishike kidogo, kisha jaza maji juu yake taratibu. Kesho utaikuta ni jiwe, na liko chini ya maji. Kama simiti ingekuwa inakauka, ingekaukaje ndani ya maji? (Vaa glavu. Simiti mbichi hula ngozi. Vidole vyangu vilitoboka mwezi wa kwanza wa mjengo kabla sijajifunza kunawa kwa maji mengi safi.)

Sasa rudi kwenye karai langu. Katika zile saa tatu za mpira, simiti ilikuwa imeshaanza kujisuka. Nilipomimina maji na kukoroga, sikuirudisha nyuma. Niliivunjavunja ile mishipa michanga iliyokuwa inaundwa, halafu nikaongeza maji kupita kiasi, na maji ya ziada yakija kutoka huacha vitundu. Na nilipoacha kumwagilia, niliinyima simiti iliyobaki kinywaji chake kabla haijamaliza kazi. Mafundi wanamwagilia walau siku saba, na wahandisi hupima nguvu ya zege siku ya 28, kwa sababu kushika ni safari ndefu. Ugumu wa siku ya pili ni mwanzo tu.

Ni kama ile simiti iliyoganda mfukoni kwa unyevu wa Mombasa. Utaona mtu anaiponda kwa nyundo mpaka iwe unga tena. Kwa macho ni simiti. Lakini sehemu iliyoganda ilishakunywa maji ya hewani ikawa kitu kingine. Kuiponda ni badiliko la kiumbo, na badiliko la kiumbo halifuti la kikemikali. Umepata unga wa jiwe.

Kanuni ya kurudi ina mashimo

Hapa ndipo nilipokuwa na ugomvi na mwalimu wangu kichwani, Mungu ambariki popote alipo. Kanuni yake haikuwa uongo wa makusudi. Ilikuwa njia ya mkato, na inavuja pande zote mbili.

Upande wa kwanza: kuna mabadiliko ya kiumbo yasiyorudi. Piga jiwe kwa nyundo liwe kokoto. Utalirudishaje? Huwezi. Lakini kokoto ni jiwe lile lile, vipande tu. Kuna nazi: ukishaikuna hairudi kifuuni, ila ni nazi ile ile. Ukiikoboa mbao ikawa unga, unga ni mti.

Upande wa pili: kuna mabadiliko ya kikemikali yanayorudi. Mfano wake mkubwa kabisa uko hapa hapa Mombasa, umesimama kando ya bahari tangu 1593.

Jiwe lililokwenda likarudi

Wareno walipoanza kujenga Fort Jesus mwaka huo, hakukuwa na simiti ya mfukoni. Simiti tunayoiita Portland ilipata hataza yake Uingereza mwaka 1824, kwa jina la Joseph Aspdin. Pwani yetu ilikuwa na kitu kingine, kilichotumika karne nyingi kabla ya Wareno kufika: chokaa ya matumbawe. Kuta za Gedi na nyumba za kale za Lamu zimeshikiliwa na chokaa ya namna hii.

Inavyofanyika ni hivi. Unapanga magogo, juu yake unarundika mawe ya matumbawe, unachoma. Jiwe la matumbawe kwa sehemu kubwa ni kalsiamu kaboneti. Moto ukifika kama nyuzi 900 za selsiasi, jiwe linaachia gesi ya kaboni dayoksaidi. Hii si ndogo: jiwe safi la kilo 100 likiungua lote, linabaki kilo 56. Kilo 44 zimepaa na hujaziona. Kinachobaki kinaonekana kama jiwe lile lile jeupe, lakini ukilimwagia maji linachemka lenyewe, linavimba na kumeguka kuwa unga. Hiyo ndiyo chokaa ya kujengea.

Sasa sikiliza hapa. Chokaa ikishapakwa ukutani, polepole, kwa miezi na miaka, inavuta kaboni dayoksaidi kutoka hewani na kuwa kalsiamu kaboneti tena. Yaani imetoka jiwe, ikapita motoni na majini, ikarudi kuwa jiwe lile lile la mwanzo. Imerudi! Lakini kila hatua ya safari hiyo ni badiliko la kikemikali, maana kila hatua kilizaliwa kitu kipya.

Kwa hiyo kwa kanuni yangu ya kidato cha kwanza, Fort Jesus ingekuwa imejengwa kwa "badiliko la kiumbo". Uliza mwenyewe kama inaingia akilini.

Na jirani zetu wa Bamburi wanafanya nusu ya safari hiyo kila siku. Kiwanda cha simiti pale kilianza kuzalisha mwaka 1954, na mawe yake ni matumbawe ya kale yaliyoachwa na bahari. Kuyachimba na kuyasaga ni badiliko la kiumbo. Kuyachoma pamoja na udongo hadi karibu nyuzi 1,450 ni la kikemikali. Ukienda Haller Park kuona viboko na kobe, unatembea ndani ya shimo ambalo mawe yake yalishakuwa ghorofa za watu. Rene Haller alianza kupanda miti kwenye shimo hilo mwaka 1971, mivinje ikiwa ya kwanza kushika vizuri.

Swali lenyewe

Basi acha kuuliza "itarudi?" Uliza hivi: *bado ni kitu kile kile?*

Dalili zitakusaidia, lakini usiziamini peke yake. Mapovu? Soda hutoa mapovu ukiifungua, na ni gesi tu iliyokuwa imebanwa ndani. Rangi? Changanya rangi ya bluu na ya njano upate kijani, hakuna kilichozaliwa. Joto? Chuma cha kikaango kinapata moto na kinabaki chuma. Ukiona dalili mbili tatu pamoja, joto lenyewe, harufu mpya, gesi, unga mpya, hapo shuku. Kisha uliza: naweza kukitoa kile cha mwanzo kwa kuchuja, kukausha, kupoza au kuchekecha? Ukiweza, ni kiumbo. Kama itabidi upite kwenye kemia nyingine ili ukipate, basi ni kikemikali.

Jaribu na maji ya visima vyetu vya chumvi. Chumvi imeyeyuka majini, huioni, lakini bado ni chumvi, ulimi unajua. Ukiyachemsha, unaua wadudu, lakini chumvi haiendi popote. Maji yanapopungua, chumvi inazidi kukolea. Lamba tone lililoganda chini ya kifuniko cha sufuria likishapoa: halina chumvi. Mvuke ulipanda peke yake. Kuyeyuka kwa chumvi ni badiliko la kiumbo.

Chumvi ikikutana na nondo

Lakini chumvi hiyo hiyo isiyo na neno majini ina njama na chuma, na hapa naomba unisikilize kama una mpango wa kujenga upande wetu huu wa bahari.

Mtu akikoroga zege kwa maji ya kisima cha chumvi, au kwa mchanga wa ufuoni, chumvi inaingia ukutani pamoja na nondo. Kwa kawaida zege humlinda chuma. Ndani yake kuna hali inayomvisha ngozi nyembamba ya kinga. Chumvi huitoboa ngozi hiyo. Kisha maji na oksijeni vinaungana na chuma kuzaa kutu. Kutu si chuma kichafu, ni kitu kingine kabisa, na huchukua nafasi mara mbili au zaidi ya chuma kilicholiwa. Nafasi haipo, basi kinasukuma. Zege linapasuka kutoka ndani. Ukiona dari ya balkoni ina ufa mrefu wenye machozi ya kahawia, na vipande vinadondoka, chuma ndani kinavimba. Kupaka rangi juu ni kumfunika mgonjwa shuka.

Angalia tofauti inavyokupa dawa. Chumvi kwenye mchanga ni suala la kiumbo, basi mchanga unaoshwa kwa maji baridi ya kutosha chumvi ikaenda zake. Kutu ni suala la kikemikali, hakuna maji ya kuiosha ikawa chuma. Kwa hiyo unaosha mapema au unalia baadaye. Kuta za zamani za chokaa zimekaa na upepo wa bahari karne kwa karne, na sababu mojawapo ni kwamba hazina nondo ndani ya kuvimba.

Hata wewe usiyejenga

Huna mjengo? Una chumba. Mvua ya Mei ikinyesha, mtu anaingiza jiko la mkaa ndani na kufunga dirisha. Kuvunja mkaa vipande ni badiliko la kiumbo. Kuuwasha ni la kikemikali, na hewa ikiwa haba mkaa huzaa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi. Hutaiona dalili yoyote kwa macho. Utaona usingizi tu. Jiko libaki nje.

Na ukiosha choo, usichanganye dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe na dawa ya choo yenye asidi ukidhani nguvu zitajumlika. Hazijumliki. Kinazaliwa kitu cha tatu, gesi ya klorini, inayochoma mapafu. Ukichanganya maji na maji unapata maji mengi. Ukichanganya hizo mbili hupati usafi mwingi.

Unaona sasa? Unalotaka kujua ni kama kitu ulichonacho mkononi bado ni kile ulichokizoea, au ni mgeni anayehitaji heshima nyingine.

Mfuniko tuliurudia. Nilinunua simiti kwa mshahara wangu wa wiki mbili, na mamangu mdogo hakukataa. Mzee alisimama pembeni mikono nyuma, akaniacha nikoroge mwenyewe, kidogo kidogo, kiasi cha kumalizika kabla ya saa moja. Simu niliizima. Tulipomaliza tukaufunika kwa magunia, na kwa siku saba nikanunua mitungi ya maji, nikamwagilia asubuhi na jioni. Watoto walipigwa marufuku mwezi mzima.

Siku ya nne jirani alichungulia ukutani akacheka: "Kijana, mbona wamwagilia zege kama mchicha? Si limeshakauka hilo?"

Nikamwambia, "Bado linakunywa, mama."